Unga Uliosubiri Neno la Mjomba

Mkunya, Newala
8 Agosti 1971

Mjomba Vitalis,

Shikamoo. Nimekaa mkekani uwani, na Mama yuko karibu yangu anapepeta mtama. Kila mara ananiuliza nimefika wapi. Nikimjibu bado nipo kwenye salamu, anasema, "Usizikate, kaka yangu ni mtu wa salamu ndefu." Basi anakusalimu sana. Goti lake la kushoto linamsumbua ila halijamzuia kwenda shamba. Marko, mume wangu, naye anakusalimu ingawa hamjaonana. Mikorosho imeanza kutoa maua. Bomba la maji limeharibika tena, kwa hiyo tunateremka bondeni kama enzi zenu, na asubuhi ukungu ni mzito kiasi kwamba tunaitana majina ili tusigongane ndoo.

Telegramu uliyotuma tulipomzika Mjomba Edmund mwaka jana Mama ameihifadhi. Tangu hapo hatujapata neno lako, nasi hatukukuandikia. Tusameheane.

Sasa jambo lenyewe. Nina mimba, imepita miezi mitatu. Mama amesema nikueleze kila kitu kana kwamba hujui, maana umekaa mbali miaka mingi. Babu Bartholomayo, baba yenu, alipokuwa katekista hakuiacha desturi ya unga. Aliutoa chini ya mti wa matambiko akauleta mlangoni, na badala ya kuwaita wazee waliokufa akasali Baba Yetu. Tangu hapo, mwanamke wa ukoo wetu akiwa mjamzito, mjomba humwombea kwa Mungu kwanza, ndipo unga wa mtama humwagwa kwenye kizingiti cha nyumba aliyochukulia mimba. Mjomba akiwa mbali hutuma neno kwamba amesali, na mwingine humwaga kwa niaba yake. Bila sala ya mjomba, unga haumwagwi.

Mara mbili zilizopita alisali Mjomba Edmund. Mtoto wa kwanza alizaliwa kimya. Wa pili alikaa nasi mpaka akajua kucheka, kisha homa ikamchukua. Kwa hiyo usidhani nakuomba dawa. Najua unga haumzuii mtu kufa. Ila siwezi kuliingia jambo hili tena bila mtu wa kwetu kunisemea mbele za Mungu, na mtu huyo sasa umebaki wewe.

Mama ameshasaga unga na kuufunika katika kikombe cha bati. Ukishasali, andika tu: mwageni.

Mpwa wako,
Dominika


Tabora
2 Septemba 1971

Mpwa wangu Dominika,

Marahaba. Barua yako nimeipokea mkononi mwa karani wa posta mwenyewe, ambaye alitaka kujua Mkunya iko wapi. Nilimchorea kwenye kaunta kwa kidole: huku Masasi, huku Newala, huku mto Ruvuma. Alitazama kaunta tupu akasema ameelewa.

Mimi sijambo. Nimestaafu reli, lakini masikio hayajastaafu. Treni ikichelewa najua kabla ya watu wa stesheni. Hapa wananiita Mzee Mmakonde. Nilipokuja likizo ya mwisho huko, watoto wa Mkunya waliniita mtu wa reli. Reli yetu ya kusini ilipong'olewa nilihamishiwa huku pamoja na makabati ya ofisi, na nadhani makabati yalizoea mapema kuliko mimi. Ninachokikosa si kikubwa. Ni baridi ya Julai kule juu, ile ya kumfanya mtu ashike kikombe cha uji kwa mikono miwili. Huku jua likitoka limetoka.

Mwambie dada yangu Getrude goti alikande kwa maji ya chumvi ya moto, asingoje liwe baya. Jirani yangu Filemoni, fundi baiskeli, ana goti kama lake na ndiyo dawa yake, pamoja na kulalamika.

Habari ya ujauzito wako imenifurahisha kuliko ninavyoweza kuandika. Nakutumia flaneli kwa posta, vipande viwili, kimoja cheupe na kimoja cha manjano. Usibebe ndoo kubwa. Mwache Marko ashuke bondeni, wanaume hawajakatazwa.

Kuhusu unga, subirini kidogo.

Mjomba wako,
Vitalis


Mkunya, Newala
10 Oktoba 1971

Mjomba,

Shikamoo. Flaneli imefika ikiwa nzima, na Mama ameipitisha shavuni kama mtu anayenunua. Tunashukuru. Korosho zimeanza kuanguka, mikono yetu yote ni ya utomvu, kwa hiyo ukiona karatasi ina alama, si uchafu. Marko anashuka bondeni siku hizi. Wanawake wanamcheka, wanamwita Bibi Marko, naye anawaambia akifika kisimani kwanza atachota kwanza, awe bibi au babu.

Mama aliposikia barua yako imekwisha aliuliza, "Na neno?"
Nikasema, "Anasema tusubiri kidogo."
"Kidogo cha nini? Baba Yetu imeongezwa urefu?"
Nikaikunja barua. Naye akachukua ungo akapepeta kwa nguvu, na hiyo ndiyo mbaya zaidi, unamjua.

Mjomba, nitasema kwa adabu, lakini nitasema. Hapa kwetu mjomba akinyamaza, watu hawasemi amesahau. Wanasema ana kinyongo. Mimi sina amani. Nalala nikijiuliza nimekukosea nini, na napata jibu moja tu: Marko. Tulipooana mwaka 1967 hukuandika. Nilisikia kuna watu wa ukoo waliosema Getrude amemwoza binti yake kwa mkimbizi asiyejulikana kwao, mtu aliyevuka Ruvuma na shati moja. Ni kweli alivuka na shati moja. Mama yake alibaki ng'ambo kwa sababu alikataa kuacha mbuzi, na hatujui kama yu hai. Ndege za Wareno zikisikika, mume wangu haingii kwenye shimo la kujificha kabla hajahakikisha Mama yangu ameingia. Kama ni yeye ndiye kisa, niambie, nijue. Kama ni mimi, niambie vilevile. Ila usiniache na "kidogo."

Mtoto ameanza kucheza.

Dominika


Tabora
1 Novemba 1971

Mpwa wangu Dominika,

Marahaba. Sitaandika habari za hali ya hewa.

Marko hahusiki. Mpe mkono wangu, na umwambie nasikitika kwamba amekuwa mume wa mpwa wangu miaka yote hii bila salamu yangu. Mlipooana mke wangu Ursula alikuwa ameanza kuugua, na mwaka uliofuata nilimzika. Sikumwandikia mtu yeyote. Wewe hujanikosea, wala hujawahi.

Ukweli ni kwamba mimi sisali. Sijagombana na Mungu. Wanaogombana angalau huongea. Niliacha kidogo kidogo. Kwanza zamu za stesheni ziliangukia Jumapili. Baadaye hazikuangukia, lakini nilikuwa nimechoka. Baadaye sikuwa nimechoka, nilikuwa nasoma gazeti. Nyumbani aliyesali ni Ursula. Kila jioni alisema "tunakushukuru" na "utusamehe," nami niko kitini nafungua kamba za viatu, nikijihesabu nimo. Alipofariki, katika ile "sisi" yake alibaki mtu mmoja ambaye hakuwa amefungua kinywa kwa miaka.

Barua yako ya kwanza ilipofika nilichukua kalamu niandike "mwageni." Hakuna ambaye angejua. Nimeishi kwa kuandika, na nimeandika mengi nisiyoyaamini kuhusu mizigo iliyochelewa. Neno hilo moja lilinishinda. Ungemwaga unga juu ya uongo wangu, na mtoto angepita hapo.

Utauliza kwa nini basi nisipige magoti nikaomba, yakaisha. Nimejaribu. Nilipiga magoti, nikafungua kinywa, nikaona haya. Miaka yote hii sijamtazama, leo naenda na shida mkononi. Hata jirani huwezi kumfanyia hivyo. Nikainuka, nikapangusa magoti kana kwamba kuna mtu aliyeniona.

Kwa hiyo tafuteni mtu mwingine. Kuna wazee wa kanisa Masasi na Lukuledi wanaosali vizuri. Niliona ni heri ujue hivi kuliko kuendelea kudhani nina kinyongo.

Vitalis


Mkunya, Newala
28 Novemba 1971

Mjomba wangu,

Shikamoo, tena shikamoo. Barua yako nilimsomea Mama mpaka mwisho. Akaniambia nirudie pale pa viatu. Nikarudia. Akasema, "Kumbe ni hilo tu? Mimi nilidhani ametuchukia." Kisha akaingia jikoni akakaa huko muda mrefu, na hakuna kilichopikwa.

Alipotoka alikuwa na maneno yake tayari. Nayaandika kama alivyoyasema, usinilaumu mimi:

"Mwambie ana haya kwa sababu anatanguliza shida. Nani alimfundisha hivyo? Baba yetu hakumpokea mgeni wa namna hiyo. Mtu akirudi baada ya miaka, anabisha hodi, anasalimia, anauliza hali, anakaa, anaondoka. Kesho anakuja tena. Shida yake ataisema akishazoeleka. Sasa huyu kaka yangu, mtu wa salamu ndefu kwa makarani wote wa Tabora, kwa Mungu anataka kuingia na ndoo mkononi kama anachota maji. Asiombe kitu. Asalimie, aende zake."

Marko akasema, "Na mtoto? Huyo mjomba wenu akianza salamu, mtoto atazaliwa, atabalehe, ataota ndevu."

Mama akamrushia ganda la muhogo. Lakini ujue Marko alifurahi sana ulivyompa mkono. Alinitaka nimwonyeshe mstari wenyewe, ingawa kusoma anajua kidogo.

Mtu mwingine hatutafuti. Wazee wa Masasi na Lukuledi ni wazuri, lakini si ndugu wa mama yangu. Unga upo, umefunikwa. Tutakungoja.

Nami nikwambie changu, maana umeniambia chako. Baada ya yule wa pili niliacha kusali kwa muda. Nilikuwa naenda kanisani na Mama, nasimama, nakaa, midomo inacheza. Sikumwambia mtu. Nilirudi njiani, nikipanda na ndoo kutoka bondeni, kwa sababu mlima ule hauachi pumzi ya kusema maneno mengi. Nilisema tu, "Nipo." Hatua chache, tena, "Nipo." Mpaka leo sala zangu nyingi hazizidi hapo.

Dominika


Tabora
20 Desemba 1971

Mpwa wangu,

Marahaba. Noeli njema kwenu. Huku mvua imeanza, paa langu linavuja mahali pale pale palipovuja mwaka jana, nami nimeweka sufuria ile ile. Filemoni anasema tumezeeka na paa letu.

Asubuhi baada ya kupata barua yako nilikaa ukingoni mwa kitanda. Nilifikiri nianze na lipi kati ya yote niliyokaririshwa Lukuledi nikiwa mvulana. Yote yalikuja, kwa mpangilio, kama stesheni za reli, na yote yalikuwa ya mtu mwingine. Nikayaacha. Nikasema kwa sauti, "Shikamoo."

Nilijiona mjinga. Mzee mwenye mvi anaamkia ukuta. Kisha nikalitazama vizuri lile neno, nikaona sikukosea. Linamwambia: wewe ni mkubwa, mimi ni mdogo, nimekuja. Nilikuwa na haja ya kusema zaidi ya hayo? Nikakaa kidogo. Hakuna kilichojibu. Nikaenda kunywa chai.

Kesho yake tena. Siku moja nilisahau, nikakumbuka nikiwa sokoni, nikasimama kati ya mafungu ya karanga nikasema kimoyomoyo, na mwenye karanga akadhani namhesabia bei. Wiki iliyopita nilikosa siku mbili mfululizo, si kwa ugonjwa, ni uvivu ule ule wa gazeti. Siku ya tatu nilirudi nikitegemea kuona haya kama ile ya kwanza. Haikuwepo. Nilisalimu kama mtu aliyekuwa safarini.

Baada ya salamu nimeanza kueleza habari, kama katika barua. Nilieleza kwamba paa linavuja. Nilieleza habari za Edmund, ambaye sikumzika. Juzi nilifika kwa Ursula, na hapo sikuweza kuendelea. Nililia, Dominika. Sikulia hivyo siku ya mazishi yake.

Lakini bado sijaomba. Nikiomba sasa, nitajua kwamba salamu zote zilikuwa ujanja wa kufikia shida. Naomba univumilie kidogo, na safari hii unajua "kidogo" ni nini.

Vitalis


Mkunya, Newala
9 Januari 1972

Mjomba,

Shikamoo. Leo nitazikata salamu, Mama asijue. Mimi ni mzima.

Tunahama. Tumeambiwa nyumba zilizotawanyika huku mashambani si salama kwa sababu ya vita, tukakae pamoja katika kijiji kipya kando ya barabara. Watu wengine wamekwenda kwa furaha, kuna shule, na bomba limesogezwa. Wengine wanaitazama mikorosho yao na kuhesabu mwendo. Sisi zamu yetu ni wiki ijayo. Marko ataezua paa tuchukue nguzo. Kizingiti kitabaki hapa, na unga wa kikombeni ni wa kizingiti hiki.

Nakuelewa usivyotaka kumwendea Mungu kwa ujanja. Lakini mtoto hajui hayo, hatasubiri. Fupisha salamu, Mjomba. Au omba ukiwa na haya yako hivyo hivyo, naye si mara yake ya kwanza kuona mtu mwenye haya.

Usiwe na wasiwasi, mimi ni mzima.

Dominika


Tabora
30 Januari 1972

Dominika,

Barua yako ya tarehe tisa imefika jana jioni. Umeandika mara mbili kwamba u mzima. Mtu mzima haandiki mara mbili.

Leo asubuhi nimeomba. Nilisalimu kwanza, sikuweza kuacha hilo, lakini nilifupisha. Kisha nikasema: huyu ni mtoto wa dada yangu, na hana mjomba mwingine. Nikataja jina lako, la Marko, na nikamtaja mtoto ambaye hana jina. Nikasema nimekuja na shida, na ningekuja na shida hata kama ungenifukuza. Sikupata la kuongeza. Nilibaki pale mpaka magoti yakaniuma.

Mwageni.

Vitalis


Kijiji kipya, Mkunya
4 Machi 1972

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika jana. Wanasema Rufiji imefurika na magari yamekaa upande wa pili wiki nyingi, barua za kusini zote zikiwa ndani. Mama anakusalimu, Marko anakusalimu, na kuna mwingine anayekusalimu kwa sauti kubwa wakati huu ninapoandika, ndiyo maana mistari imepinda.

Ni msichana. Amezaliwa tarehe 11 Februari, hospitali ya wilaya, mdogo lakini mkali. Tumempa jina la mama yake Marko aliyebaki ng'ambo, Paskalia. Ananyonya kama anayelipiza.

Sasa nikuambie nilichokuficha. Nilipoandika kwamba mimi ni mzima, nilikuwa nimetoka damu tangu siku ya Mwaka Mpya, na nilikatazwa kusimama. Niliandika nimelala. Sikutaka uombe kwa hofu, wala sikutaka ujue halafu ushindwe kuomba na ujilaumu maisha yako yote. Nilichagua vibaya, au vizuri, sijui.

Na kuna lingine, ambalo Mama ameniachia mimi niliseme. Siku ya kuhama, Marko na wenzake walikuwa wameshaezua, mimi nimelazwa kwenye machela tayari kupelekwa Newala. Watu wanangoja. Mama alitoka na kikombe cha bati akasimama kizingitini, nyumba nyuma yake haina paa. Mzee mmoja akamwambia, "Mama Dominika, neno la mjomba limekuja?" Akamjibu, "Limechelewa njiani." Mzee akasema, "Basi desturi hairuhusu." Mama akamwambia, "Na mvua je, inaruhusu? Sogea." Akamwaga yeye mwenyewe, Mjomba. Mwanamke. Na alisali. Nilimsikia vizuri kwa sababu nilikuwa karibu na miguu yake. Aliomba radhi kwanza, kisha akasema, "Kaka yangu yuko njiani anakuja kwako, bado anasalimia. Mpokee yeye, na huyu mpokee."

Ilikuwa tarehe 17 Januari. Wewe uliomba tarehe 30. Tuliposoma neno lako jana tuliangaliana, na Mama akaona aibu, mara ya kwanza katika maisha yangu kumwona hivyo. Anauliza kama una hasira. Anasema pia, ila hili amelisema akicheka, "Mwambie mtoto ameshafika, kazi imekwisha, sasa anaweza kurudi kwenye gazeti lake."

Mpwa wako,
Mama Paskalia


Tabora
29 Machi 1972

Mama Paskalia,

Marahaba, na marahaba ya pili kwa huyo mwenye sauti kubwa. Nimeliandika jina lako jipya kwenye bahasha kwa herufi kubwa, ili karani wa posta alione. Aliliona. Akaniuliza kama Mkunya bado iko pale pale, nikamwambia imesogea kidogo kuelekea barabarani.

Mwambie Getrude sina hasira. Nimeisoma mara nyingi ile sala yake ya kizingitini. Nilidhani ni mimi niliyekuwa nawasemea nyinyi, kumbe mimi ndiye niliyekuwa nasemewa. Wewe umenificha damu, mimi nilikuficha ukavu. Tusameheane na tusirudie. Mkimaliza kuvuna nitakuja. Nimeuliza nauli mpaka Masasi, na safari hii nitamwona Marko kwa macho, na kaburi la Edmund.

Nataka nikueleze kilichonipata baada ya barua yako, halafu nifunge. Nilifurahi siku nzima. Niliwaambia watu wa stesheni, ambao hawakukujua, nao wakafurahi. Lakini jioni niliingiwa na hofu. Unga ulimwagwa bila neno langu. Siku niliyoandika "mwageni" kuku walikuwa wameshaula. Mtoto amekuja salama. Sababu iliyonirudisha imekwisha, na dada yangu ananitania nirudi kwenye gazeti bila kujua kwamba gazeti lenyewe lilikuwa pale mezani. Nilijiuliza: kesho nitaamka kufanya nini?

Niliamka. Nilipiga magoti kando ya kitanda, na nilikuwa bado pale Filemoni alipokuja kuazima pampu yangu ya baiskeli, ya kwake ikiwa imeharibika. Mlango ulikuwa wazi. Alisimama, akavua kofia.

"Kuna mgonjwa kwenu?" akauliza.

"Hakuna."

"Msiba?"

"Hakuna. Kuna mtoto amezaliwa, mzima."

"Sasa unaomba nini?"

"Leo siombi kitu."

 Kisha akatoka, akakaa kwenye kigoda pale nje, akanisubiri nimalize.

Mjomba wako,
Vitalis